Sista Anajibu: Kipimo cha Wiki Sita Sio cha Mwisho

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Ahero, Homa Bay, Bungoma na Siaya na karibu zote zinauliza kuhusu watoto na virusi vya UKIMWI. Nimezifupisha na nimetoa majina, si kwa sababu kuna mtu amefanya kitu cha aibu, ni vile tu huku kwetu mtu akijua dispensari unayoenda ashajua na tarehe yako ya kliniki. Kitu kimoja nimeona nikizisoma zote pamoja ni kwamba sisi wazazi tunapumua mapema. Mama akipimwa mimba ikiwa changa akapatikana hana, tunafunga faili. Mtoto akipimwa wiki sita akapatikana hana, tunafunga pia. Na watoto wengi wanaoambukizwa siku hizi wanaambukizwa hapo katikati, faili ikiwa tayari imefungwa. Haya, tuanze.

Swali: Sista habari ya kazi. Niko Nyalenda, nilijua hali yangu 2019 na nakunywa dawa bila kukosa, mara ya mwisho niliambiwa virusi havionekani. Mtoto wangu ako miezi saba. Alipimwa akiwa wiki sita wakasema hana. Sasa mbona bado wananipea hiyo siropu ya nevirapine? Mama mkwe amekuja kukaa na sisi na kila asubuhi anauliza mtoto anaumwa nini. Nilikuwa nafikiria kuiacha, ama nimwachishe tu nyonyo nimpe maziwa ya ng'ombe hii mambo iishe. – Mama Baby, Nyalenda

Jibu: Mama Baby, hongera kwa hizo dawa, kazi kubwa ushaifanya wewe mwenyewe. Lakini siropu usiache.

Kile kipimo cha wiki sita kinakuambia mtoto hakuambukizwa tumboni wala siku ya kuzaliwa, basi. Hakisemi chochote kuhusu maziwa aliyonyonya jana usiku. Bora mtoto ananyonya, hatari bado ipo, hata kama kwako wewe ni ndogo sana juu virusi vyako vimeshuka. Kwa mambo ya kitandani tunasema wazi kabisa kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzake. Kwa kunyonyesha tunasema hatari imeshuka sana sana, lakini hatujasema imefika sufuri, na ndio maana mtoto naye anawekewa kinga yake. Hapa Kenya anaanza na siropu mbili, nevirapine na AZT, kwa wiki sita, halafu AZT inaachwa na nevirapine inaendelea mpaka wiki sita baada ya kuacha kunyonya kabisa. Kabisa ni kabisa, sio ile ya mchana tumemwachisha lakini usiku akilia anapewa. Septrin nayo inaanza wiki ya sita na inaendelea mpaka kile kipimo cha mwisho kionyeshe hana.

Sasa kuna kitu hujaandika na ndicho kimenishtua. Umesema alipimwa wiki sita na sasa ako miezi saba. Kipimo cha miezi sita kiko wapi? Mtoto wa mama aliye na virusi anapimwa kwa PCR, kile kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, wiki ya sita, tena miezi sita, tena mwaka mmoja, halafu miezi kumi na nane anafanyiwa kipimo cha kawaida kama cha watu wazima, na kama bado ananyonya anaendelea kupimwa kila miezi sita, na ile ya kufunga kabisa ni wiki sita baada ya kuacha nyonyo. Huku kwetu Kisumu watoto wanaitwa chanjo ya malaria miezi sita na saba, kwa hivyo kliniki lazima ulienda, au unaenda wiki hii. Siku hiyo hiyo fungua kile kijitabu cha mama na mtoto, muonyeshe sista ile sehemu ya PCR iko tupu, usingoje akuulize. Sisi manesi foleni ikiwa ndefu tunaruka vitu, nasema ukweli.

Kuhusu kumwachisha, usimwachishe ghafla. Zamani hapa hapa Kisumu kulikuwa na utafiti mkubwa wa akina mama wanaonyonyesha, walikuwa 522, wakapewa ARV kuanzia mimba ikiwa wiki 34 mpaka mtoto afike miezi sita, na mpaka watoto walipofika miaka miwili walioambukizwa walikuwa kama 7 kwa kila 100. Hiyo ilikuwa na dawa za zamani na akina mama wengi walikuwa wanaacha dawa mtoto akiwa miezi sita. Bila dawa yoyote ni kati ya 15 na 45 kwa kila 100. Lakini akina mama hao waliambiwa pia wamwachishe mtoto karibu na miezi sita, na kilichoonekana ni watoto kuanza kuharisha sana wakati huo huo. Maji ya kwetu tunayajua, na bei ya maziwa ya kopo tunaijua. Ndio maana sai ushauri ni mtoto anyonye nyonyo tupu miezi sita ya kwanza, bila maji, bila uji, bila hizo dawa za tumbo za kununua dukani, kwa sababu kuchanganya kabla ya miezi sita kunamuumiza utumbo na virusi vinapata njia, halafu baada ya hapo anakula na kunyonya pamoja, hata mpaka miaka miwili, mama akiendelea na dawa. Wako ako miezi saba, mpondee viazi na omena na aendelee kunyonya.

Sasa mama mkwe. Mwambie ni dawa ya kinga kutoka kliniki. Hujadanganya mtu, kazi yake ni hiyo. Chupa iweke kwa mfuko wa nepi, mpe wakati unamwogesha asubuhi, na usihamishe dawa kwa chupa nyingine isiyo na maandishi, kwa sababu siku moja mtu atampimia dozi kama ya kikohozi.

Swali: Mimi ni dani, yaani nyanya, niko upande wa Ahero, naandikiwa na mjukuu wangu mkubwa. Binti yangu alifariki mwaka jana akaniachia mtoto, sasa ana miezi kumi na nne. Hanenepi, anaharisha kila wakati, sikio linatoa usaha. Wazee wa boma wanasema ni chira, laana ya kuvunja mila, na nimeletewa manyasi, dawa ya kienyeji. Dispensari walimtoboa kidole wakasema anayo, halafu mwingine akaniambia hicho kipimo hakiaminiki kwa mtoto. Nimechoka kutumwa huku na huku. Hiyo jibu ni ya mwisho ama si ya mwisho?

Jibu: Dani, pole sana kwa binti yako, na pole kwa hizo safari.

Si ya mwisho, lakini ni ya kuamka nayo kesho asubuhi. Kile kipimo cha kidole kinatafuta askari wa mwili, sio virusi vyenyewe, na askari wa mama wanapita kwa mtoto akiwa tumboni na wengine wanakaa ndani yake mpaka miezi kumi na nane. Kwa hivyo mtoto akiwa mdogo kipimo hicho ni kama kuona nyayo za mama kwa matope, unajua mama alipita hapo, lakini kama mtoto naye alipita bado hujui. Aliyekuambia hakiaminiki alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu aliyoisahau ndiyo muhimu: mtoto akitoka pozitivu kwa kidole anafanyiwa PCR hapo hapo, haambiwi arudi akifika miezi kumi na nane. Wanachukua matone ya damu kwa kidole au kisigino wanakausha kwa karatasi na inapelekwa maabara kubwa kama ya KEMRI, na hospitali zingine zina mashine ndogo inatoa jibu siku hiyo hiyo. Uliza, "PCR ya mjukuu wangu inafanywa leo?" Kama hawana, uliza ni wapi, na waandike barua.

Naharakisha kwa sababu mtoto si kama mtu mzima anayeweza kukaa na virusi miaka bila kuugua. Kwa mtoto aliyezaliwa navyo, bila dawa karibu nusu hawafiki miaka miwili. Na utafiti wa Afrika Kusini uliotolewa 2008 ulionyesha ukianza dawa mapema mtoto akiwa na wiki chache tu, bila kungoja augue, vifo vinapungua kwa robo tatu. Mjukuu wako ameshapita hizo wiki na tayari dalili ziko, sikio, kuharisha, kukonda. PCR ikitoka anavyo, dawa zinaanza mara moja, damu ya pili ya kuhakikisha inachukuliwa siku hiyo hiyo lakini hakuna kungoja jibu lake. Na akiwa mgonjwa sana daktari anaweza kuanza hata kabla ya jibu la kwanza kurudi. Wamwangalie pia kifua kikuu, wampime ule mkono kwa utepe, na kama amekonda sana kuna chakula maalum kwa pakiti anachopewa bure.

Mambo ya chira mimi siyaingilii, mila ya boma ni ya boma na wazee wana nafasi yao. Ninachoomba ni manyasi yakae kando mtoto akiwa anaharisha, na damu ipimwe kwanza. Kama baada ya hapo wazee wana jambo la kufanya hapo nyumbani, litafanywa mtoto akiwa na nguvu.

Wewe kama mlezi unaweza kutia sahihi apimwe, usikubali mtu akurudishe eti mpaka mzazi. ARV hospitali ya serikali ni bure. Na nenda kwa chifu ama kwa ofisi ya watoto uulize kuhusu Inua Jamii, kuna pesa ya walezi wa mayatima, shilingi 2,000 kwa mwezi, kuandikishwa kunachukua muda kwa hivyo uliza mapema.

Swali: Sista mimi ni mwanaume wa Homa Bay, naendesha boda. Mke wangu ana mtoto wa miezi minne ananyonya. Alipimwa mara mbili akiwa na mimba akapatikana hana, kwa hivyo mimi nilijua pia niko sawa. Juzi kulikuja watu wa kupima pale stage, nikapimwa tu na wenzangu, nikaambiwa ninavyo. Nimeanza dawa lakini sijamwambia. Nimekuwa nikilala kwa kiti nikisingizia mgongo. Mtoto anaweza kuwa amepata? – Mtu wa boda

Jibu: Omera, kwanza kipimo cha mke wako kilikuwa cha mke wako. Hakijawahi kuwa chako. Wanaume wengi sana wanajipima kwa damu ya bibi, na kwenye hesabu ya kitaifa ya 2018 Homa Bay ilikuwa na karibu mtu mzima mmoja kwa kila watano wanaoishi na virusi, kwa hivyo hiyo ilikuwa bahati nasibu.

Kuhusu mtoto, yeye hawezi kupata kutoka kwako moja kwa moja, anapata kupitia maziwa kama mama ameambukizwa. Na hapa ndipo pabaya. Mtu akiambukizwa karibuni virusi vinapanda juu sana wiki za kwanza, na vinaingia kwa maziwa, na yeye hana habari, hajaanza dawa, mtoto hana siropu. Mtoto wa mama anayejijua na anakunywa dawa ako salama kuliko huyu. Hata mke wako akipimwa leo akakuwa hana haimaanishi tumemaliza, maambukizi mapya yanaweza kukaa wiki kadhaa kabla kipimo kiyaone, kwa hivyo atarudia.

Kwa hivyo ni leo au kesho, si mwisho wa mwezi. Kama mara ya mwisho mlikutana bila kondomu haijapita masaa 72, mpeleke hospitali haraka apewe PEP, dawa ya siku 28 inayoweza kuzuia. Ikiwa imepita, anapimwa. Asipokuwa navyo anapewa PrEP, dawa ya kumkinga asiambukizwe, na ndiyo, mama anayenyonyesha anaruhusiwa kuitumia, na mtoto anaendelea kunyonya. Akiwa navyo anaanza dawa siku hiyo, mtoto anachukuliwa PCR siku hiyo na anaanzishiwa siropu siku hiyo. Hivyo tu. Kwa vyovyote nyinyi wawili mtumie kondomu mpaka virusi vyako vipimwe vionekane vimeshuka, usijihesabie miezi kichwani.

Najua swali lako halisi ni utamwambia vipi. Huhitaji kuwa peke yako. Rudi kwa waliokuanzishia dawa uwaambie unataka msaada wa kumwambia mwenzako, ni kazi yao ya kila siku, mnaweza kuitwa mkapimwa pamoja kama mke na mume na majibu mkayasikia mkiwa wawili mbele ya mshauri. Ukiona utaweza mwenyewe, anza na mtoto, useme, "Nimepimwa nimepatikana na virusi, nataka wewe na mtoto mpimwe leo kwa sababu mtoto ananyonya." Mambo ya nani alimletea nani yatakuja, na kipimo hakiwezi kujibu hilo hata mkipigana namna gani. Kulala kwa kiti kumemkinga, sikatai, lakini sai yeye anadhani una mwingine.

Na akina mama mnaosoma hii, sista akikuita kupimwa tena miezi ya mwisho ya mimba, tena wiki sita baada ya kuzaa, tena kila miezi sita ukinyonyesha, asikuudhi. Barua ya huyu jamaa ndiyo sababu.

Swali: Sista, mtoto wangu ako miaka mitano, tuko Bungoma. Dawa zimekuwa vita. Alianza na ile siropu kali akawa anatapika, sasa amebadilishiwa zile tembe za kuyeyusha lakini akiona kikombe tu anakimbia nyuma ya nyumba. Akitapika nirudie? Na kuna siku nilimaliza za kwake nikampa kipande cha yangu, ni makosa?

Jibu: Ile siropu ya zamani ya lopinavir ilikuwa chungu kweli, hata mimi niliionja nikanyamaza, kwa hivyo mtoto hajasahau na humlaumu. Sai kuna dolutegravir ya watoto, tembe ya miligramu 10 iliyo na ladha ya stroberi, Kenya ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuipata 2021, na inapewa pamoja na ile nyingine ya abacavir na lamivudine. Zote zinayeyuka kwa maji, unaweza kuziyeyusha kwa kikombe kimoja. Maji safi kidogo tu, vijiko viwili vitatu hivi, sio kikombe kizima ambacho hatamaliza. Koroga, anywe ndani ya nusu saa, halafu weka maji kidogo tena usuuze kikombe anywe hayo pia kwa sababu dawa inabaki chini. Soda hapana, uji wa moto hapana. Ni mara moja kwa siku, kwa hivyo chagua saa ambayo nyumba imetulia. Wengine huku wanatumia taarifa ya habari, ikianza tu kikombe kinatoka. Mwache akoroge mwenyewe, watoto wa miaka mitano wanapenda kazi, na baada ya dawa kitu kitamu kidogo, na usimwambie dawa ni adhabu ama umtishe na sindano.

Akitapika ndani ya nusu saa rudia dozi, zaidi ya hapo acha mpaka kesho, ikiwa anatapika kila siku mpeleke.

Kuhusu kumpa kipande cha yako, ndio ni makosa, lakini hujamuua, usirudie tu. Dolutegravir ya watu wazima ya 50 na tembe tano za 10 si kitu kimoja, zinaingia mwilini tofauti, na yako ikiwa ni ile tembe ya mchanganyiko kuna tenofovir ndani ambayo mtoto hapewi mpaka afike kilo 30. Akifika kilo 20 ndio anahamia ile dolutegravir ya 50. Kwa hivyo kilo zake ndizo zinaamua dozi, na hii ndiyo sababu nakataa ile tabia ya kutuma mtu wa boda achukue dawa za mtoto mwaka mzima: mtoto amekua, dozi imebaki ya mtoto wa zamani, halafu mnashangaa virusi vimepanda.

Kitu kingine ambacho hakisemwi sana. Akiharisha anapewa ORS na zinki, na zinki, pamoja na dawa za kuongeza damu na za kalsiamu, zinashika dolutegravir tumboni isiingie vizuri. Mpe dolutegravir masaa mawili kabla ya hizo, ama masaa sita baada yake.

Maswali mafupi

"Watoto wangu wawili, mmoja anavyo mmoja hana, wanatumia kijiko kimoja na kulala kitanda kimoja." Waache. Kijiko, kikombe, choo, kukumbatiana, mbu, hakuna kati ya hivyo kinachoambukiza. Wembe wa kunyolea kila mtu wake, lakini hiyo ni kwa kila nyumba.

"Shosho anatafuna chakula kwanza ndiyo anampa mtoto." Muombe apumzike na hiyo. Ni nadra, lakini kuna watoto waliothibitishwa kuambukizwa hivyo, mtu mzima akiwa na virusi na fizi zake zinatoa damu. Ponda kwa uma.

"CCC yetu, kliniki ya wanaoishi na virusi, imeunganishwa na foleni ya wagonjwa wote na mama mshauri aliyekuwa ananipigia simu hayuko tena." Nimepata hii kutoka sehemu kadhaa. Tangu Marekani isimamishe misaada mwanzoni mwa 2025 wafanyakazi wengi walipoteza kazi, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa wanafuata watu nyumbani wakikosa kliniki. Dawa bado ni bure. Kitu kimebadilika ni kwamba hakuna wa kukukumbusha, kwa hivyo tarehe za PCR ziandike mwenyewe kwa foni, piga picha ukurasa wa kijitabu, na jibu likikawia zaidi ya mwezi rudi ulidai. Mama na mtoto mchanga mnaweza kuhudumiwa pamoja kwa MCH, kliniki ya mama na mtoto, uliza hapo badala ya kupanga foleni ya watu wazima.

"Mtoto wa jirani amenajisiwa, mama yake anaogopa kusema." Masaa 72, ni hayo tu. Hospitali kwanza, PEP ya watoto iko, asiogeshwe kabla ya kuangaliwa, nguo ziwekwe kwa karatasi sio plastiki. Namba ya watoto ni 116, haina malipo.

Swali: Sista, mimi ni mzee wa miaka arobaini na nane, naishi Ugunja, mke wangu alifariki. Msichana wangu ana miaka kumi na moja, alizaliwa na virusi na anakunywa dawa vizuri. Nimemwambia miaka yote ni ya kifua. Sasa ameanza kuuliza mbona ndugu zake hawanywi na wao hukohoa. Kuna mpango wa kumpeleka bodingi. Nimwambie ama ningoje akomae? Na shule wakijua watamkataa?

Jibu: Jaduong', akikuuliza mbona ndugu zake hawanywi, ujue tayari anashuku. Watoto wa umri huo wanasoma maandishi ya chupa, wanasikia mazungumzo kwa foleni ya kliniki, wanajua ni mlango gani unaandikwa nini. Wengine wamejua mwaka mzima wananyamaza kwa sababu wanaona wewe ndio hauko tayari. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni mtoto aambiwe hatua kwa hatua akiwa umri wa shule, na mpaka miaka 12 awe anajua kwa jina. Uko kwa wakati, lakini huna mwaka wa kupoteza, na bodingi bila kujua ni hatari, huko ndiko watoto wengi wanaacha dawa, maana ukiambiwa dawa ni ya kifua na kifua hakikuumi, kwa nini ujifiche bwenini ukimeza?

Usimwambie siku mmegombana wala siku ya matanga. Ongea na mshauri wa kliniki kwanza mkubaliane mtaanzia wapi, wengine wanapenda mzazi aseme mwenyewe hapo kliniki mshauri akiwa kando, na mimi naona ni vizuri isemwe na wewe. Maneno yawe machache. "Una virusi vinavyoitwa HIV. Ulizaliwa navyo. Hizi dawa zinavilaza, ndio maana uko mzima na unacheza." Halafu nyamaza umsikilize, hata akilia, hata akitoka nje akarudi baada ya saa moja. Atauliza ni mama alinipa? Usimruke. Mwambie ndiyo, ilipita kwa mama bila yeye kutaka, na yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kuzuia. Kama wewe pia unavyo, mwambie siku hiyo hiyo, usimwache afikirie yuko peke yake kwa nyumba. Atauliza kama atakufa, atauliza kama ataolewa na kuzaa. Akinywa dawa atazeeka, na akitaka ataolewa na atazaa mtoto ambaye hana, hilo si la kumfariji tu, kliniki zimejaa akina mama wa hivyo. Na mwambie nani mwingine anajua, ili ajue anaweza kuongea na nani. Akishajua, muulizie kikundi cha OTZ kwa hospitali yenu, ni cha vijana wanaoishi na virusi, wanakutana siku za likizo, na hapo atapata wa rika lake.

Shule haiwezi kumkataa. Sheria ya UKIMWI ya 2006 inakataza kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hali yake, na inakataza pia kumlazimisha kupimwa ndio aingie, na kuna mahakama maalum ya UKIMWI ya kupeleka malalamiko kama hayo. Hulazimiki kuitangazia shule nzima. Lakini bodingi mtu mmoja lazima ajue, metroni ama nesi wa shule, mtu mmoja tu, na umwambie mbele ya mtoto ili mtoto ajue ni nani. Chagua saa ya dawa ambayo haigongani na prepu wala paredi, wengi wanapenda asubuhi wakiamka ama usiku kabla ya taa kuzimwa, na abebe kwa chupa ndogo yenye maandishi na isiyo na kelele, zile za kiwandani zinalia kama kayamba bweni zima linasikia. Kabla ya kumpeleka omba kliniki imwekee tarehe zake wakati wa likizo na impe dawa za miezi mitatu ikiwa virusi vyake vimeshuka, na kipimo chake cha virusi cha kila miezi sita kiangukie Aprili, Agosti ama Desemba. Kama shule iko kaunti nyingine chukua barua ya uhamisho wa muda iliyo na majina ya dawa na dozi, uiweke nakala kwa foni yako, dawa zikipotea huko hospitali yoyote ya serikali iliyo karibu itamsaidia bila kuanza maswali upya.